Mtoto Mwenye Mapepe, Mtu Mzima Msahaulifu: Muuguzi Anavyoitambua na Kuihudumia ADHD

Katika zahanati nyingi za Wilaya ya Rungwe, mtu wa kwanza kumpokea mgonjwa ni muuguzi, na aghalabu ndiye wa mwisho kumuaga. Ndiye anayempima mtoto uzito na kumchoma chanjo, ndiye anayemhoji mjamzito, na ndiye anayepima shinikizo la damu la mzee na kumwandikia tarehe ya kurudi. Wananchi wa Tukuyu humwita nesi au sista. Sisi tutamwita muuguzi, jina la taaluma yake, kwa kuwa kijitabu hiki kinahusu wajibu wa kitaaluma alio nao kwako wewe unayemwendea.

Makala haya yanahusu hali ambayo muuguzi huweza kukutana nayo kila wiki bila kuitambua, na ambayo familia nyingi huishi nayo miaka mingi bila kulijua jina lake. Wataalamu huiita nakisi ya umakini na utukutu uliokithiri, na kwa kifupi cha kimataifa huandikwa ADHD. Mitaani ina majina mengine: mtoto ana mapepe, ana kiherehere, hasikii, kichwa chake kizito. Kwa mtu mzima majina huwa makali zaidi: mvivu, mzembe, mtu asiyeaminika. Mtoto anayeitwa mjinga tangu darasa la kwanza hufika darasa la saba akiwa ameshasadiki kwamba ndivyo alivyo, na wengine hawafiki huko.

Hali yenyewe

ADHD ni tofauti katika ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni. Ina pande mbili, na mtu anaweza kuwa na upande mmoja au yote miwili. Upande wa kwanza ni kukosa umakini: kushindwa kumaliza jambo lililoanzwa, kupoteza vitu, kusahau lililoagizwa dakika chache zilizopita, kuonekana hasikilizi hata anaposemeshwa uso kwa uso. Upande wa pili ni utukutu na pupa: kutotulia kitini, kusema bila kukoma, kujibu kabla swali halijaisha, kushindwa kungoja zamu.

Msomaji atasema kwamba mambo hayo tunayo sote. Ni kweli, na hapo ndipo ugumu ulipo. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani wa mwaka 2013, unaotumiwa na wataalamu katika nchi nyingi, unataka mtoto awe na dalili zisizopungua 6 kati ya 9 katika upande mmojawapo, na mtu wa miaka 17 au zaidi awe na zisizopungua 5. Dalili hizo ziwe zimedumu miezi 6 au zaidi, baadhi yake ziwe zimeonekana kabla ya umri wa miaka 12, zijitokeze katika mazingira yasiyopungua mawili, kwa mfano nyumbani na shuleni, na ziwe zinamzuia mtu kuishi, kusoma au kufanya kazi kama inavyompasa. Mtoto anayetukuta shuleni tu, ilhali nyumbani ametulia, huenda ana tatizo na shule hiyo na si ADHD.

Hakuna kipimo cha damu kinachoithibitisha hali hii. Hakuna picha ya kichwa wala mashine yoyote inayoweza kuitoa jibu. Yeyote anayekutoza fedha kwa kipimo cha mashine na kukuambia kimeonyesha ADHD, anakudanganya au amedanganywa yeye mwenyewe. Utambuzi hutokana na masimulizi: nani ameona nini, wapi, tangu lini. Kwa sababu hiyo kadi ya kliniki iliyoandikwa vizuri na mahojiano ya muuguzi mwenye subira yana thamani kubwa kuliko kifaa chochote.

Baadhi ya wazazi hudhani kwamba haya ni mambo ya kigeni yaliyoletwa na simu na televisheni. Daktari wa watoto George Still alieleza watoto wa namna hii mbele ya madaktari wenzake jijini London mwaka 1902, wakati televisheni haijabuniwa. Karibu nasi, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 katika kliniki za watoto za magonjwa ya mishipa ya fahamu na ya akili za Hospitali ya Mulago, Kampala, uliikuta kwa takribani watoto 11 katika kila 100 waliofika hapo. Idadi hiyo ni ya watoto waliokuwa tayari wanaumwa. Katika jamii kwa ujumla, makadirio ya dunia ni watoto wapatao 5 katika kila 100, na watu wazima wapatao 2 hadi 3.

Haiambukizi, na wala haitokani na ulozi. Sukari haiisababishi, jambo hili limejaribiwa kwa makini na halikuonekana kuwa kweli, ijapokuwa kupunguza soda kuna faida nyingine. Haitokani pia na mama kushindwa kulea. Tafiti za mapacha zimeonyesha kwamba sehemu kubwa, takribani asilimia 74 ya tofauti kati ya watu, huelezwa na urithi. Kuzaliwa kabla ya wakati, kuzaliwa na uzito mdogo na maradhi yanayojeruhi ubongo huongeza uwezekano. Madaktari wa Uganda wameeleza watoto waliopatwa na utukutu mkali baada ya kupona malaria iliyopanda kichwani.

Kabla ya kusema ni ADHD

Muuguzi hatoi jina la ugonjwa huu peke yake. Hiyo ni kazi ya daktari mwenye ujuzi wa afya ya akili au wa watoto. Kazi ya muuguzi ni kushuku kwa haki, kuondoa yale yanayofanana nayo, kisha kuandika rufaa inayoeleweka. Yanayofanana nayo ni mengi, na katika wilaya yetu ndiyo ya kuanza nayo.

Tuchukue mfano wa mama anayetoka Masoko akiwa na mtoto wa kiume wa miaka 8. Mwalimu amesema mtoto hasikii, haandiki, na huwasumbua wenzake. Baba yuko machimboni Chunya. Mtoto analelewa na bibi mama anapokuwa kwenye kazi ya kuchuma chai. Muuguzi anayeifahamu kazi yake huanza na masikio, kwa maana mtoto mwenye usaha wa muda mrefu sikioni hasikii kwa sababu ya kweli kabisa. Kisha huuliza usingizi: je, anakoroma na kuhema kwa shida usiku? Mtoto asiyelala vizuri, mchana hatulii. Huangalia weupe wa viganja na wa ndani ya kope akitafuta upungufu wa damu, huuliza minyoo, na huuliza kama mtoto amekwenda shule akiwa amekula.

Baada ya hapo huuliza kama mtoto huduwaa kwa sekunde chache akiwa ametoa macho, akiitwa haitiki, kisha akaendelea na shughuli yake kama hakuna lililotokea. Hiyo yaweza kuwa aina ya kifafa isiyoangusha mtu, na walimu wengi huiita ndoto za mchana. Mwisho huuliza, kwa sauti ya chini na mlango ukiwa umefungwa, kama kuna msiba uliopita karibuni, ugomvi nyumbani, au mtu anayemwumiza mtoto. Mtoto anayeishi kwa hofu hukosa umakini, na huyo hahitaji jina la ADHD bali ulinzi.

Maswali haya yaulizwe kwa lugha ambayo mlezi anaimudu. Bibi aliyezoea Kinyakyusa, akihojiwa kwa Kiswahili cha ofisini, hujibu “ndiyo” kwa kila swali ili heshima iwepo na mambo yaishe. Ukiona hivyo, omba mtu wa kukutafsiria. Muuguzi hana sababu ya kukasirika.

Tangu kliniki ya watoto hadi darasani

Chini ya miaka 4, karibu kila mtoto mwenye afya hukimbia ovyo, hupanda juu ya vitu na hasikilizi. Muuguzi anayemwambia mama kwamba mtoto wa miaka 2 ana ADHD amevuka mpaka. Analopaswa kufanya ni kuandika katika kadi yale yatakayohitajika baadaye: mtoto alizaliwa wiki ya ngapi, alikuwa na uzito gani, alilia mara moja au alichelewa, aliwahi kupata degedege, alianza kusema lini. Mama akiwa na wasiwasi, asirudishwe kwa maneno ya “atakua tu”. Apewe tarehe ya kurudi, na afundishwe namna ya kumwongoza mtoto huyo.

Mafunzo hayo si madogo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 kwa watoa huduma wasio mabingwa unaanza na kumwelekeza mzazi, na kuiacha dawa mikononi mwa bingwa, kwa mtoto aliyetimiza miaka 6 au zaidi. Mzazi amkaribie mtoto, amtazame machoni, ampe agizo moja fupi, kisha angoje litekelezwe kabla ya kutoa la pili. “Kachote maji, ukirudi uwafungie kuku, halafu umwite dada yako” ni maagizo matatu; mtoto wa namna hii atabaki na la kwanza, au la mwisho. Akifanya vizuri asifiwe palepale, siyo jioni. Ratiba ya kulala isibadilikebadilike. Makosa madogo yasiyomdhuru mtu yapuuzwe, ili ukali ubaki kwa makubwa.

Darasani, mambo hubadilika kwa sababu kuna mwalimu mmoja na watoto wengi. Kumkalisha mtoto mbele, mbali na dirisha, kumpa hesabu tano tano badala ya ishirini kwa mkupuo, na kumtuma afute ubao pindi mwili wake unapotaka kuinuka, ni mambo yasiyogharimu fedha. Muuguzi anaweza kuyaandika katika barua fupi kwa mwalimu, kwa idhini ya mzazi. Tumeona barua za aina hiyo zikipokelewa vizuri kuliko wazazi wanavyotarajia. Walimu wengi walikuwa wanatafuta pa kuanzia.

Kuna jambo la viboko, na hatuwezi kulipita. Kanuni za serikali kuhusu adhabu ya viboko shuleni, kama zilivyorekebishwa mwaka 2002, zinaruhusu viboko visivyozidi 4, kwa kosa kubwa la nidhamu, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na viandikwe katika kitabu. Kusahau kalamu au kutazama nje, kwa maoni yetu, hakuwezi kuitwa kosa kubwa. Zaidi ya hayo, fimbo haimfundishi mtoto huyu kukumbuka; humfundisha kumwogopa mwalimu na kutoroka. Muuguzi anayeona alama za fimbo katika mwili wa mtoto ana wajibu wa kuziandika na kuuliza zimetoka wapi, hata kama mtoto ameletwa kwa ajili ya kikohozi.

Wasichana husahaulika. Wavulana hugunduliwa mapema kwa sababu huvunja vitu na kugombana. Msichana mwenye hali hiyohiyo mara nyingi hukaa kimya mwisho wa darasa akiwa mbali kimawazo, hupoteza madaftari, na huambiwa hana uwezo. Hamsumbui mtu, kwa hiyo hakuna anayempeleka popote. Kwa upande wa pili, mtoto mdogo kuliko wenzake wote darasani huonekana mtukutu kwa sababu tu ya umri wake, na katika nchi kadhaa imegundulika kwamba watoto wa namna hiyo hupewa jina la ADHD kupita kiasi. Muuguzi na aulize tarehe ya kuzaliwa, siyo darasa tu.

Vijana na watu wazima

Utukutu wa miguu hupungua kadiri mtu anavyokua. Hubaki hali ya kutotulia ndani kwa ndani, pupa na usahaulifu, na kwa wengi haviishi. Kijana mwenye ADHD yuko katika hatari kubwa zaidi ya ajali, ulevi, mimba zisizotarajiwa na mawazo ya kujidhuru. Katika mji ambao vijana wengi hupata riziki kwa bodaboda, juu ya barabara za mlimani zenye utelezi wa mvua karibu mwaka mzima, jambo hili lina uzito. Muuguzi anayemfunga kidonda kijana aliyeanguka kwa mara ya tatu ana nafasi ya kumwuliza, bila kumhukumu, kama shuleni alikuwa akitolewa nje mara kwa mara, kama huanza mambo asiyoyamaliza, kama anakunywa, na kama amewahi kutamani kufa. Swali hilo la mwisho halimpandikizii mtu wazo. Humpa mlango wa kulisema alilokuwa nalo.

Mtu mzima mwenye ADHD mara nyingi huletwa kliniki na mtoto wake. Mama anamsikiliza muuguzi akiuliza habari za mwanawe, na ghafla anasema, “Hata mimi nilikuwa hivyohivyo.” Kwa kuwa hali hii hurithiwa, maneno hayo yasipite bila kuandikwa. Mama huyo huenda ameacha kazi nyingi, ameunguza vyungu vingi, amepoteza kitambulisho mara tatu, na amejiona mtu asiyefaa. Naye anastahili kupimwa kwa haki yake mwenyewe.

Yapo pia madaftari ya kliniki za magonjwa ya kudumu, ambamo mgonjwa asiyefika siku yake huandikwa kuwa mtoro. Wengi hukosa nauli, wengine huogopa kuonekana. Lakini wamo ambao walikusudia kabisa kuja na wakasahau, kama walivyosahau kila kitu tangu utotoni. Kumfokea mtu huyo mbele ya benchi lililojaa watu hakumfanyi akumbuke. Kumwandikia tarehe kwa herufi kubwa, kumwomba ndugu mmoja amkumbushe, kumfundisha kufungamanisha kidonge na jambo analolifanya kila siku bila kukosa, kama chai ya asubuhi, husaidia. Humsaidia hata asiye na ADHD, hivyo hakuna hasara kulifanya kwa wote.

Mwanamke anayetumia dawa za ADHD akapata ujauzito asiache wala asiendelee kwa uamuzi wake. Amwambie muuguzi katika mahudhurio ya kwanza ili apelekwe kwa daktari, apimiwe faida na hatari.

Uzeeni

Kwa mzee, swali linalotenganisha mambo ni moja: lilianza lini? Mzee wa miaka 70 ambaye ndugu zake wanasema, “Huyu tangu ujana haketi, huacha jembe shambani, huanza nyumba tatu asimalize moja,” anaweza kuwa na ADHD ambayo haikupewa jina. Mzee aliyekuwa makini maisha yake yote, kisha katika mwaka uliopita akaanza kupotea njia ya kwake, hana ADHD. Huyo atafutiwe maradhi ya usahaulifu wa uzeeni, kiharusi kidogo, sonona, tatizo la tezi ya shingo, au madhara ya dawa anazotumia. Muuguzi anayemwambia mwanawe kwamba “ni uzee tu” amemnyima muda wa matibabu.

Kuhusu dawa

Dawa inayotumika zaidi duniani kwa ADHD ni methilifenideti. Huongeza katika ubongo kemikali ziitwazo dopamini na noradrenalini, na nguvu yake huonekana siku hiyohiyo na kwisha kwa saa chache, kutegemea aina ya kidonge. Haiponyi hali yenyewe. Humpa mtu utulivu wa kujifunza na kutenda. Shirika la Afya Duniani lilikataa maombi ya kuiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019 na tena mwaka 2021, likitaja udhaifu wa ushahidi uliowasilishwa, ingawa nchi nyingi zimeitumia kwa miongo kadhaa. Usishangae basi ukiambiwa haipo katika hospitali ya karibu. Kukosekana kwake hakumaanishi kwamba hakuna huduma: maelekezo kwa mzazi na kwa mwalimu yaliyotajwa hapo juu ndiyo hatua ya kwanza hata mahali ambapo dawa ipo tele.

Methilifenideti imo katika Jedwali la Pili la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili. Hutolewa kwa cheti cha daktari tu. Duka la dawa muhimu halina ruhusa ya kuiuza, na anayekuuzia kwenye mfuko usio na jina huenda amekuuzia kitu kingine kabisa. Usimpe mtoto dawa ya mwenzake, na usimgawie mwanafunzi anayejiandaa na mtihani.

Kabla ya kuanza, mtoto apimwe uzito, urefu, mapigo ya moyo na shinikizo la damu, na familia iulizwe kama kuna aliyekufa ghafla akiwa kijana au mwenye ugonjwa wa moyo. Vipimo hivyo virudiwe kila dozi inapobadilishwa, na angalau kila baada ya miezi 6. Dawa hii hupunguza hamu ya kula, hivyo mtoto ale vizuri kabla ya kidonge cha asubuhi na tena jioni nguvu yake inapokwisha. Ikitolewa alasiri huondoa usingizi. Haya yote ni kazi ya muuguzi, na mizani na mkanda wa kupimia urefu vipo hata katika zahanati ndogo kabisa. Ukiona mtoto wako anaongezewa dozi bila kupimwa chochote, uliza.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni dawa za kutuliza. Wapo wazazi wanaompa mtoto mtukutu diazepamu, prometazini au klopromazini ili “alale kidogo”, wengine kwa ushauri wa muuzaji. Hizo si tiba ya ADHD. Humlevya mtoto, humfanya ashindwe kujifunza, na zikizidi zinaweza kumzuia kupumua.

Tena ipo fenobabitoni, dawa ya kifafa iliyo nafuu na inayotumika sana vijijini. Kwa baadhi ya watoto, dawa hii yenyewe huleta utukutu, hasira na kukosa umakini. Mtoto anapelekwa kliniki akiwa na mapepe, kumbe mapepe yalianza wiki chache baada ya kuanza vidonge vya kifafa. Muuguzi asipouliza ni dawa gani anatumia na tangu lini, mtoto huyo ataandikiwa ugonjwa wa pili asiokuwa nao. Hata hivyo, mzazi asiikatishe ghafla, kwa maana kuikatisha ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokoma lenye kuua. Mrudishe mtoto kwa aliyeiandika, mwambie ulichokiona, naye ataamua kuipunguza polepole au kuibadilisha.

Unachostahili kutoka kwa muuguzi, na safari ya rufaa

Unastahili kuhojiwa faraghani. Tukuyu ni mji mdogo, na linalosemwa kwenye benchi la zahanati asubuhi huweza kuwa sokoni kabla ya saa saba mchana. Siri ya mgonjwa ni amri ya taaluma, na muuguzi anayeivunja, anayekutukana, au anayekudai fedha zisizo na stakabadhi anaweza kushtakiwa kwa uongozi wa kituo, na kutoka hapo kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Baraza ndilo lenye kusajili wauguzi, kutoa leseni na kusikiliza mashauri ya nidhamu. Una haki ya kumwuliza muuguzi jina lake na kama ana leseni. Uliza kwa adabu. Muuguzi mwenye leseni hana cha kuficha.

Kutoka zahanati, rufaa kwa kawaida hupitia kituo cha afya na Hospitali ya Wilaya iliyopo Makandana, kisha Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, takribani kilometa 70 kutoka Tukuyu, ambako kuna idara ya afya ya akili. Kwa anayeishi bondeni huko vijijini, hiyo ni bodaboda, basi dogo, chakula cha njiani, na siku moja au mbili za kazi zilizopotea. Barua ya rufaa iliyoandikwa “mtoto mtundu, aonwe” humpeleka mtu Mbeya kuulizwa maswali yaleyale na kuambiwa arudi na maelezo ya mwalimu. Kabla hujaondoka zahanati, msomee muuguzi barua hiyo au mwombe akusomee. Iwe na umri wa mtoto, dalili zilizoonekana nyumbani na zilizoonekana shuleni kila moja peke yake, umri zilipoanza, hali ya masikio na macho, historia ya kuzaliwa na ya degedege, dawa zote anazotumia, uzito na urefu.

Siku ya safari, beba kadi ya kliniki hata kama imechakaa, barua ya mwalimu, na madaftari mawili ya mtoto: moja la somo analolipenda, jingine la somo asilolipenda. Vidonge vyote anavyomeza vije katika pakiti zake. Na kama ni bibi anayeshinda na mtoto wakati wewe uko kazini, mlipie nauli aende, kwa kuwa ndiye atakayeulizwa mengi.